Brashi Inajua Njia

Kazi yangu ni kuandika majina ya watu kwenye mabati.
Kibanda kipo Malava, ukingoni mwa barabara ya Webuye,
pale trekta za miwa hupunguza mwendo
na watoto huchomoa muwa mmoja mmoja, mbio.

Leo wamenijia wawili, saa mbalimbali, ombi moja:
andika RAIS.

Seneta Amukowa alituma kijana na bahasha.
Pesa zote, mkononi, hata za tapentaini.
Mtu safi, Amukowa. Akiinuka kusema kule Nairobi
maneno yake yamenyooka kama shati la Jumapili.
Ila kwa miaka kumi nimeandika jina lake mara mbili:
mlango wa ofisi yake hapa mjini,
na msalaba wa kaburi la mamake.
Mlango umefungwa. Mvua ikinyesha, mbuzi hulala hapo.

Gavana Matendechere hakutuma bahasha.
Alituma salamu.
Ana deni langu tangu mwaka juzi.
Karatasi ziko Kakamega, ofisi ya malipo, dirisha la tatu;
mama wa dirishani amenizoea hadi ananiuliza hali ya mgongo.
Niliapa: huyu simwandikii tena hata nukta.

Lakini jina lake nimelipaka
kwenye ambulensi iliyomwahisha Nekoye kujifungua,
ile ile iliyokufa gia mlimani wiki iliyofuata.
Nimelipaka kwenye nasari, kwenye pipa la taka,
kwenye choo cha soko kilichokosa maji tangu kifunguliwe.
Wauza mboga humtukana kabla hawajanywa chai,
"Matendechere na choo chako!"
wanamtukana kwa ukaribu,
kama mume aliyetumwa chumvi akarudi na gazeti.

Hotuba utaitukanaje?
Haina bawaba ya kulegea.
Amukowa alirekebisha kifungu cha tisa cha mswada fulani.
Aliuliza fedha za kaunti zimekwenda wapi,
na aliuliza vizuri, sina kinyongo,
labda hata zangu zimo ndani ya swali lake.
Ila kifungu cha tisa
hakuna aliyewahi kujikinga mvua chini yake.

Mukhwana, kijana ninayemfunza kazi, ameshangaa:
"Mzee, mmoja amekulipa, mwingine amekula jasho lako.
Kuna la kufikiria hapo?"

Lipo, mwanangu.
Siku wauguzi walipogoma wakaja na matawi, wakiimba,
walikwenda kwenye lango la nani?
Barabara tatu, changarawe ya barabara moja:
nani alichagua wapi pabaki tope,
kisha akapita hapo Jumapili akienda kanisani, kioo kimefungwa?
Aliyelima vibaya tunalijua shamba lake.
Aliyesimama kandoni akisifu jembe
tunamjua sauti tu.
Na nchi hii, nahofia, humpa jembe kubwa
yule iliyekwisha kumwona akitoka jasho,
hata kama mahindi yalikuwa machache,
hata kama mengine aliyala mbichi.

Jioni nimetandika mabati mawili.
La Amukowa nilipima kwa rula, herufi kwa herufi,
nikampigia simu yule kijana kuuliza:
ni K moja au mbili?
La pili sikupima.
Mkono ulitangulia, ukapinda kwenye T, ukashuka kwenye CH,
kiapo nilikikumbuka nikiwa kwenye E ya mwisho
na rangi inameta.

Nilisimama nikilitazama, nimekasirika, bati zuri.
Mukhwana alicheka hadi akaangusha kopo.

Kisha nikachukua brashi ndogo kuliko zote,
rangi ya bati lenyewe,
ambayo huonekani ila jua likiegemea upande,
na chini kabisa, baada ya RAIS, nikaandika:
themanini na saba elfu, mia nne.